Miaka Miwili Isiyo Yangu

Wadogo zangu mnaocheza sasa, hasa nyinyi wa mtaa wetu wa Beechmont mnaonitumia video zenu ili nizitazame "dakika moja tu, kaka": nimestaafu, muda ninao, na nimechoka kujibu swali moja mara arobaini. Naandika mara hii moja. Msome, kisha mniache nipumzishe goti. Vyeo na mishahara sitavitaja, maana hayo mnayajua kuliko mimi.

Kwa mjomba au shangazi atakayesomewa haya bila kuujua mchezo: ni ule mpira wa Kimarekani, wa helmeti, ambao wazazi wetu wanauita mupira ya kuangushana. Mimi nilicheza upande wa ulinzi, pembeni. Kazi yangu ilikuwa kumfikia mrushaji kabla hajaurusha mpira. Mbele yangu alisimama mzuiaji, mtu mwenye uzito wa friji, ambaye naye alilipwa ili nisifike. Basi. Hayo mengine yote ni makelele ya televisheni.

Jambo moja mlijue tangu mwanzo, kwa sababu limeniendesha kazini kuliko kocha yeyote. Kwenye karatasi zangu nina miaka miwili zaidi ya ile niliyoishi. Nimezaliwa tarehe mosi Januari, kama baba, mama, shangazi zangu na nusu ya kanisa letu. Hiyo ni tarehe ya kambini, waliyopewa wote wasio na cheti, na hasara yake ni keki nyingi siku moja. Mwaka ndio wenye madhara. Kazi hii haiogopi kidonda wala mfupa uliovunjika kama inavyoogopa umri. Kila mlango niliobisha, ile miaka miwili ilikuwa imeshafika kabla yangu na kukaa kwenye kiti.

Nyumbani kisa hicho kilisimuliwa kwa kicheko. Tulishuka kutoka milimani, Kivu ya Kusini, tukavuka mpaka, tukapangwa mstari kambini. Mimi nilikuwa na miaka mitatu na nusu, lakini mwili wangu ulikuwa wa mtoto wa miaka sita. Karani akanitazama, akaandika alichokiona. Baba, kwa adabu zake, hakumpinga mtu mwenye kalamu. Wageni wakicheka, baba alikuwa akinyanyuka kwenda kutazama kama mlango wa nje umefungwa. Nilidhani anaona haya.

Tulifika Louisville, Marekani, nikiwa na miaka kumi, kumi na miwili ya karatasi, na shule ikanipanga kwa ile ya karatasi. Sekondari, mwalimu wa michezo aliniona nikishuka kwenye basi la jiji, akaniuliza kama nimewahi kucheza. Nilisema ndiyo. Nilidhani anasema mpira wa miguu.

Siku ya kwanza nilivaa kinga za mabega nyuma mbele na hakuna aliyeniambia mpaka wameshapiga picha. Kisha wakaniambia nimwangushe aliye mbele yangu. Nikamwangusha. Nikampa mkono, nikamwinua, nikamwambia pole, nikaanza kumpangusa majani mgongoni. Wakati nampangusa, mwenye mpira alipita pembeni yangu akitembea. Kocha alinifokea hadi mate yakamtoka. Mimi nikatazama chini. Akafoka zaidi: "Niangalie machoni ninapokusemesha!" Kwetu mtoto anayemkazia macho mkubwa anayemkaripia anatafuta kofi. Nilitukanwa wiki tatu nzima kwa sababu ya malezi mema.

Na nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mama alikuja kutazama mechi moja, akakaa na kitenge chake kwenye benchi la chuma, akaondoka nusu ya kwanza.

"Juu ya nini unaangusha mutoto ya wenyewe?" akaniuliza jioni. "Alikufanya nini?"

"Ni mchezo, Mama."

"Muchezo gani? Mupira yenyewe haiko hata muviringo."

Niliuzoea mchezo, na mwaka wa tatu nikawa mzuri. Watu wa vyuo vikubwa walianza kuja na daftari zao. Ndipo dada wa ofisi ya shule alipofungua jalada langu kabla ya msimu wa mwisho, akahesabu kwa vidole, akaniambia kwa huruma ya kweli kwamba sitacheza. Sheria inamzuia aliyefikisha miaka kumi na tisa kabla ya msimu kuanza. Nilikuwa na kumi na saba. Msimu ule ndio vyuo vikubwa huchagua watu, na mimi niliutazama kutoka jukwaani, nikiwa na mfuko wa bisi.

Nikamwambia baba twende tukarekebishe. Baba ni shemasi, na siku za kazi anapakia mizigo kwenye ghala. Si mwoga wa kitu chochote isipokuwa ofisi. Hivyo ndivyo nilivyoamini.

"Bon," alisema. "Karatasi ya serikali haichezewe. Njo ilituleta huku. Uiache."

Nilimwambia karatasi hiyo imeninyima mwaka. Akachukua Biblia yake akaenda chumbani. Nilikaa mezani nikijiuliza mtu anawezaje kuthamini adabu kwa karani aliyemsahau kuliko maisha ya mwanawe.

Kwa hiyo nilikwenda chuo kidogo nje ya Columbus, ambacho kocha wake pekee ndiye aliyekubali kunitazama kwa video ya mwaka uliopita. Wadogo zangu, msidharau chuo kidogo, lakini pia msidanganyike. Hakuna anayekulipia kwa ajili ya mpira. Jezi unafua mwenyewe. Mechi za mbali mnakwenda na basi la shule ambalo hita yake inawaka upande mmoja, na waliokaa upande wa pili wanashuka wamekakamaa. Nilikuwa nalala kwa binamu yangu, mtaa wa Clintonville, kwenye kochi fupi kuliko mimi, na kila Jumamosi isiyo na mechi tulipakua maboksi kwenye ghala la huko.

Huko nilimpata mwalimu wangu, naye hakuwa hata kocha. Mwangi ni Mkenya aliyekuja kusoma akabaki, anakaa Westerville, na kazi yake chuoni ilikuwa kutunza miili yetu: barafu, mafuta ya kuchua, na zaidi ya yote plasta. Kabla ya kila mazoezi tulipanda mezani kwake mmoja mmoja, akatufunga vifundo vya miguu. Siku moja nilichelewa, nikapita meza yake bila kusimama.

"Wewe! Rudi hapa," akaniita. "Unadhani hiyo ankle ni yako? Hiyo ankle ni career yako. Uki-skip tape leo, kesho mimi ndio nakusukuma na wheelchair, na mgongo wangu ni mbaya."

Plasta inafungwa kutoka ndani kwenda nje, mguu ukiwa pembe mraba, na hakuna kukunjamana, kwa sababu kila mkunjo utakuwa lengelenge baada ya saa moja. Jifunzeni kujifunga wenyewe. Nimewaona watu wakubwa wakisubiri foleni ya plasta huku nafasi zao zikichukuliwa na waliojua kujifunga.

Mwangi pia ndiye aliyenifundisha kusoma. Alikuwa anakula chakula chake cha mchana akitazama video za mechi zetu, akasimamisha picha, akaweka kidole kwenye skrini.

"Angalia mkono ameweka chini. Knuckles zimekuwa white, si ndio? Ameweka weight mbele. Anakuja kukugonga. Hapa ziko relaxed. Anarudi nyuma, maana wanataka kurusha. Mdomo unaweza kudanganya, boss, lakini mwili hauna hiyo time."

Makocha wanne walikuwa wamenifundisha kupiga kelele, kunguruma na kuamini. Huyu aliniambia nitazame vidole. Msimu ule nilimfikia mrushaji mara nyingi kiasi kwamba mtu wa timu za kulipwa alikuja mpaka kwetu, akapima kimo changu, akapima mbio zangu, akatabasamu. Kisha akasoma mwaka wangu wa kuzaliwa.

"Ishirini na nne tayari?" akasema, akafunga daftari.

Nilimpigia baba simu nikiwa bado na jasho. Nilimwambia kila kitu, tena kwa sauti ambayo sikupaswa kuitumia kwa mzazi. Kisha nikasikia mama: "Alo? Baba yako ametoka kidogo." Alikuwa amempa simu akaondoka! Mwanamume mzima!

Hakuna aliyenichagua mwaka ule. Timu ya Buffalo iliniita kwa majaribio ya siku tatu, kwa sababu mtu wao mmoja alikuwa ameumia nyama ya paja, na mguu wa mwenzangu ukawa riziki yangu. Jina langu kwenye kabati la nguo liliandikwa kwa kalamu juu ya kipande cha plasta. Wenzangu walikuwa na vibao vya chuma. Nilikitazama kile kipande nikaelewa kwamba kinabanduliwa kwa mkono mmoja.

Waliniweka kwenye kikosi cha mazoezi. Hao ni watu wanaoigiza adui wa wiki hiyo ili wakubwa wajizoeze kuwapiga. Wiki hii wewe ni fulani wa timu ile, wiki ijayo wewe ni fulani mwingine, na Jumapili, siku ya mechi, unavaa nguo za kawaida. Mkataba ni wa wiki kwa wiki. Jumanne ndiyo siku ya kuondolewa, kwa hiyo Jumanne usiwe wa kwanza kufika wala wa mwisho. Jumanne mwenye busara hukaa chooni muda mrefu. Nilikaa hivyo misimu miwili na nusu, na kanisani Louisville shangazi zangu waliendelea kuniuliza nitapata kazi lini.

Halafu walinipandisha kikosi cha mechi, nikagundua kwamba sijui kitu. Buffalo theluji inatoka ziwani, inakuja kwa upande, na wazuiaji wote wanavaa glavu. Glavu! Vidole nilivyovisoma miaka minne Columbus vilikuwa ndani ya mfuko. Nilikaa miezi miwili nikipigwa kama ngoma ya ubatizo. Mwishowe nikaanza kutazama visigino: kisigino kikinyanyuka kwenye theluji, uzito uko mbele, kikizama, anarudi nyuma. Hakuna aliyenifundisha hilo, nawapa bure. Nilicheza kwa visigino miaka minne. Sikuwa nyota. Nilikuwa yule ambaye mtangazaji hulikosea jina lake, halafu analirudia akalikosea upya.

Mwaka wa saba wakala wangu wa mikataba alinipigia simu mwezi wa tatu. Alisema mambo ni mepesi. Nafasi iliyobaki ni moja, watu ni wawili, uwezo wetu unalingana, mwenzangu ana ishirini na tisa na mimi nina thelathini na moja. Nikamwambia, kwa mara ya mia, kwamba mimi nina ishirini na tisa. Safari hii alikuwa amempata mwanasheria. Karatasi zote alizohitaji alikuwa nazo, isipokuwa kiapo cha baba kwamba mwaka ulioandikwa si wangu. Kikifika kabla ya ofisi kufungwa Ijumaa ya wiki ile, jalada litafunguliwa upya, na wakala aliamini kabisa kwamba nitapewa miaka miwili zaidi uwanjani.

Basi niliendesha gari kutoka Buffalo mpaka Louisville, nikilala Columbus njiani, nikiwa nimepanga maneno yangu. Nilifika Beechmont mchana, baba ametoka ghalani, mama ameweka chai. Niliweka karatasi mezani. Nilisema nimevumilia tangu sekondari, nimevumilia chuoni, na leo siondoki bila saini. Dada yangu mdogo, aliyezaliwa hapa na asiyejibu neno la Kiswahili kwa Kiswahili, alikuwa amesimama mlangoni.

"Daddy, just sign it," alisema. "It's just a number."

Baba alivua miwani. Alianza kusema na mimi, lakini alikuwa anamtazama mama.

"Bon. Hii mwaka, mwanangu, haiko ya karani. Karani hakukosea. Iko ya mukubwa wako. Eliya."

Nilijua kulikuwa na mtoto kabla yangu. Nilijua kama mnavyojua nyinyi mambo ya kwenu: kwa mlango unaofungwa mazungumzo yakifika pahali fulani. Jina lake sikuwa nimelisikia kinywani mwa baba hata siku moja.

Alisema tuliposhuka milimani tulikuwa watoto wawili. Eliya alishikwa na homa njiani, akafa, na baba akamzika mwenyewe kando ya njia kwa mpini wa jembe, kwa sababu jembe lenyewe lilikuwa limepotea. Wiki tatu baadaye alikuwa amesimama kambini amenishika mkono. Karani akauliza: mtoto wako wa kwanza alizaliwa mwaka gani?

"Akaniuliza wa kwanza," baba alisema. "Na mi nikasema mwaka ya wa kwanza. Kinywa ilisema yenyewe. Jina, akakuuliza weye, ukasema Samweli. Akaandika. Mi nikaona imeandikwa, nikashindwa kusema ifutwe. Nilikuwa nimetoka kumuzika, donc... nimufute tena?"

Mama alikuwa anazungusha kijiko kwenye kikombe kisicho na sukari.

"Hakuna picha," baba aliendelea. "Kaburi siwezi kuiona tena, na ile njia sijui kama ingali njia. Pahali pekee mwaka yake iko imeandikwa, iko kwa karatasi yako. Lakini umeteseka. Naona umeteseka. Leta kalamu."

Nilikasirika, wadogo zangu. Sitawadanganya kwamba nililia kwanza. Nilikasirika kwa sababu miaka ishirini na tano alikuwa na maneno hayo, na angeweza kunipa yakiwa bado yanafaa kitu, nikiwa na miaka kumi na saba na mfuko wa bisi. Badala yake aliniacha nimdharau kwa woga ambao hakuwa nao. Hasira ile ilinipeleka mpaka nikamsukumia kalamu. Akasaini. Aliandika jina lake lote polepole, kama anavyosaini vyeti vya ubatizo, kisha akanisogezea karatasi kwa mikono miwili. Mama akaenda jikoni akafungua bomba, na bomba likakaa wazi.

Wakati wa kurudi nilipitia Westerville. Mwangi alisoma kile kiapo amesimama kwenye baraza, na mbwa wa jirani akibweka.

"Peleka hii kitu," alisema. "Two years ni two years. Huyo kaka yako, pole sana, lakini haezi kukuchezea hizo games."

"Ndipo alipoandikwa, Mwangi. Hapo tu."

"Na wewe umeandikwa wapi?"

Akanirudishia karatasi, akaniambia nisimlaumu mtu wakiniachilia mwezi wa nane, kisha akatazama chini akaniuliza ni mjinga gani anayenifunga vifundo siku hizi.

Alhamisi nilikuwa Buffalo. Ijumaa niliamka, nikavaa, nikaiweka karatasi mezani, nikaanza kuosha viatu vya mazoezi ambavyo vilikuwa safi. Niliviosha asubuhi nzima. Simu ya wakala ililia mara sita. Saa za ofisi zilipokwisha nilikuwa nimekaa sakafuni na brashi mkononi, nina hasira na baba, na karani, na Mwangi kwa kusema kweli, na mtoto wa miaka mitano ambaye hata sura yake siikumbuki. Nilimwonea uchungu pia. Vyote viwili vilikuwepo, na sikukipeleka kile kiapo.

Mwezi wa nane waliniita, na ilikuwa Jumanne. Mkubwa wa timu aliniambia kwa upole kwamba nafasi amepewa mwenzangu, kijana mzuri, nami ninamtakia heri, kwa umri wa kweli tumepishana miezi michache tu. "Ungekuwa na miaka ishirini na tisa," alisema, "wala tusingekuwa na mazungumzo haya." Nilimshukuru. Malezi mema tena.

Sasa msinifanye mfano. Mwenye kosa kwenye karatasi zake akalirekebishe mapema, akiwa bado mdogo, na asisikilize hadithi wanazosimuliwa wageni kwenye chai. Lakini kabla ya kwenda ofisini, kaeni na wazazi wenu muwaulize kosa hilo lilitoka wapi. Waulizeni mkiwa mmekaa, si kwa simu mkiwa na jasho. Wasipojibu siku hiyo, rudini siku nyingine. Mimi niliuliza mara tatu katika miaka kumi na miwili, na zote tatu nilikuwa nadai, sikuwa nauliza.

Siku ya kukabidhi vifaa nilirudisha helmeti, jezi na kinga za mabega kwa dada wa ofisini. Alikuwa na jalada langu kwenye kompyuta, akalisoma kwa sauti ili alifunge: jina, kimo, uzito, tarehe ya kuzaliwa. Akauliza kama yote ni sahihi. Swali hilo nimeliitikia maisha yangu yote kwa kunung'unika. Nikamwambia ni sahihi.

Akatazama mwaka tena, akatazama orodha ya misimu, akasema si wengi wanaoanza na umri ule wakafika hapa nilipofika.

"Tulikuwa wawili," nikamwambia.

Hakuelewa. Alinigeuzia karatasi, akanionyesha pa kusaini, nami nikasaini.